Mistari ya Kulala, Mistari ya Kusimama

Mama Pindo alilipatia jina lake kwenye foleni ya benki. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa gauni zuri tu, ila pindo lake lilikuwa limeachia upande mmoja na kuning'inia hadi kwenye kifundo cha mguu. Mtu mwingine angejifanya hamnazo. Yeye alichomoa sindano anayoichomeka kwenye kola ya blauzi yake, ikiwa na uzi tayari, akachutama nyuma ya mwanamke asiyemjua na kuanza kushona. Mwenye gauni alipogeuka kwa hamaki, aliambiwa atulie kidogo asije akachomwa. Foleni nzima ilicheka. Zamu ya yule mwanamke ilipofika, pindo lilikuwa limekaa sawasawa kuliko siku lilipotoka dukani, na kuanzia hapo jina likamganda fundi wetu. Wapo wanaomfahamu miaka na miaka wasiojua aliitwa nani kabla ya hapo.

Kazi yake ni kushona sare za shule na mashati ya watu wa maofisini. Hushonea sebuleni, na si kwenye mwanga mzuri. Mwanga mzuri wa nyumba ile unaangukia ukuta unaoelekeana na dirisha, na ukuta huo umekaliwa na tangi la samaki, refu kuliko kochi, tangu mtoto wao wa pekee hajaanza kutambaa. Mtoto huyo sasa ana nyumba yake mji wa mbali, na tangi bado lipo palepale. Cherehani ya Mama Pindo ikasukumwa kwenye kona, chini ya balbu inayoning'inia kwa waya.

Tangi alilitengeneza mumewe kwa mikono yake. Alikuwa fundi vioo, mtu wa kukata vioo vya madirisha na vya mbele ya maduka, na vioo vya tangi ni vipande vinene vilivyobaki kwenye kazi ya duka la viatu. Alivishikisha kwa silikoni, akakipitishia kila kiungo kidole chake kilicholowekwa maji ya sabuni, na hadi leo halijawahi kuvuja tone. Ndani aliweka samaki wa jamii ya perege, ila hawa ni wadogo, wa mapambo, wa kuenea kiganjani. Wafugaji huwaita siklidi. Usidanganyike na udogo wao. Kila dume ana jiwe lake na pango lake, na jirani akipita karibu hufukuzwa bila simile. Majike hubeba mayai mdomoni mpaka watoto waanguliwe, na muda wote huo hawali. Fundi Vioo aliweza kukaa mbele yao kwenye kigoda tangu arudi kazini mpaka chakula kipoe.

Mama Pindo aliwaambia majirani kwamba mshindani wake angekuwa mwanamke mwenzake angejua pa kuanzia, lakini samaki atawakabili vipi? Walicheka, naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa na uchungu ndani yake. Mwanamume huyo aliweza kusimama mlangoni na kuona kwamba samaki fulani amepungukiwa na gamba moja ubavuni. Lakini mkewe angejishonea gauni jipya, akapita nalo mbele yake mara kadhaa, akajifanya anatafuta mkasi, na jamaa asiseme neno. Siku moja alimuuliza waziwazi kama haoni kitu kipya. Fundi Vioo aligeuka, akamtazama, akafikiri, kisha akauliza kama amehamisha kalenda. Hilo Mama Pindo alilimeza, lakini halikushuka hadi tumboni.

Basi macho ya Fundi Vioo yakaanza kumgeuka. Kwanza alikata kioo cha dirisha la jirani kikapungua upana wa kidole, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Baadaye akawa anamwaga chai kando ya kikombe. Kliniki ya macho walimweleza kwamba katikati ya kuona kwake pamechakaa na hapatarudi. Hatapofuka kabisa, ataendelea kuona pembeni, ila kile anachokikazia macho ndicho kitakachopotea. Na ndivyo ilivyokuwa. Akitaka kumwona mkewe ilibidi autazame mlango. Akitaka kuona mlango, amtazame mkewe. Mama Pindo alipenda kusema kwamba hatimaye bwana wake ameanza kumtazama, ingawa ni kwa ajili ya mlango. Alisema kwa mzaha, kisha akaenda jikoni kufuta macho kwa pindo la khanga, kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo mzaha haukulifikia: samaki hawatambuliwi kwa pembe ya jicho.

Tangi kubwa lilikuwa limegawanywa kati kwa kioo, kazi ya mikono yake hiyohiyo. Upande wa kushoto waliishi samaki wa aina aliyoiita Wapole, na kulia wa aina aliyoiita Wakorofi. Wapole ndio waliokuwa roho yake. Alipewa wazazi wao na rafiki yake, dereva wa treni aliyekwisha kufariki, na aina hiyo haikupatikana tena kwa mfugaji yeyote anayemjua. Sasa walikuwa wamezeeka. Dume alikuwa wa buluu iliyokolea, mistari yake imefifia kwa umri, na wake zake wawili watatu walizaa kwa nadra. Jike mmoja alipoonekana amejaza mdomo, Fundi Vioo alimhamishia kwenye tangi dogo la kulelea, juu ya kabati. Alikuwa hajaona kwamba humo alishamweka jike wa Wakorofi mwenye mdomo uliojaa vilevile. Watoto wa mama wawili wakatemwa mahali pamoja, wote wa kijivujivu, wote wa ukubwa mmoja, na yeye hana jicho la kuwatenga. Wakikua pamoja watazaa machotara, na ukoo wa yule dereva wa treni utakuwa umeishia kwenye kabati la sebuleni.

Alipogundua kosa lake, siku alipokuja kumtoa mama akawakuta wawili, hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda chake, akampigia simu mwenye duka la samaki, ambaye mji mzima humwita Mapezi, akamwambia aje Jumamosi achukue kila kitu, samaki, mawe, chujio, mpaka tangi lenyewe. Binti yao alipopata habari alisema afadhali, mama atapata ukuta wake. Kweli, Mama Pindo alikuwa ameutamani ukuta huo miaka yote. Alikuwa ameshapanga moyoni meza ya kukatia iwekwe wapi na cherehani iwekwe wapi. Sasa alipoambiwa ni wake, alimtazama mumewe aliyekaa akielekea tangi asiloliona, mikono mapajani, na akajua kwamba ukuta huo hautaki.

Alivuta kiti akaketi kando yake. Akamuuliza ni nini hasa anachokitafuta kwa hao samaki, ili amtazamie yeye.

Fundi Vioo alisema kwa upole kwamba kazi hiyo si ya siku moja. Mama Pindo akamjibu kwamba hata kutia kola kwenye shati si kazi ya siku moja, na yeye hajaomba kufundishwa, ameuliza swali.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Yeye angetazama, na mumewe angesikiliza huku amefumba macho. Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Mama Pindo hakuwa na maneno ya samaki, alikuwa na maneno ya nguo, basi akawavisha wote. Pezi la mgongoni likawa kola. Pezi la mkia likawa marinda, na akaeleza ni ya nani yaliyopigwa pasi na ya nani yaliyochakaa. Jike mmoja alikuwa na bitana ya njano, yaani tumbo lake. Kwenye pezi la chini la dume aliona vidoa vya mviringo vyenye ukingo, vimejipanga, akasema huyu ana vifungo. Mumewe alifumbua macho. Alisema hivyo vidoa huigiza mayai, na ndivyo wanavyotambuliwa madume; yeye mwenyewe ilimchukua muda mrefu kuvijua. Mama Pindo akajibu kwamba mtu anayeanza kusoma nguo bila kutazama vifungo hajui anachosoma.

Kuanzia hapo jioni zikabadilika. Majirani waliopita dirishani walisikia sauti yake ikitangaza kwamba Marinda amemfukuza Bitana hadi nyuma ya pampu ya hewa, na kwamba Vifungo amechimba shimo jipya na kutemea mchanga nyumbani kwa mwenzake, hana adabu hata kidogo. Fundi Vioo aliuliza maswali, akasahihisha, akacheka. Nataka niseme jambo hili bila kuzunguka: mwanamke huyu alikuwa na kila haki ya kuliona tangi lile likiondoka na kufunga mlango nyuma yake. Badala yake aliamua kumpa mumewe macho yake, na hakumpa kwa shingo upande. Sijaona wengi wanaoweza.

Ilibaki shughuli ya watoto. Fundi Vioo alimwomba Mapezi asubiri kidogo, kisha akamweleza mkewe masharti. Akiweza kuwatenga watoto wa tangi dogo, Wapole wataungana na wazee wao upande wa kushoto, Wakorofi atapewa Mapezi, na tangi litabaki. Wakikosea, basi, kila kitu kichukuliwe na asisikie tena habari za samaki nyumbani mwake. Mama Pindo akasema sawa, ampe alama.

"Bado hawajapata rangi," mumewe akasema. "Wana mistari tu. Mistari ikisimama, ni wetu. Ikilala, ni wa Mapezi."

Mama Pindo aliuliza kama mistari haiwezi kubadilika wakikua, maana aliona wazee hawana mistari ya kueleweka. Akaambiwa wazee hao mistari yao imefunikwa na rangi, na zaidi ya hapo samaki wa jamii hii hubadili nguo kwa hali ya moyo: akiogopa, mistari hufifia mpaka inapotea, akitulia, hurudi. Lakini haigeuki upande. Hilo likamtosha.

Aliifanya kazi ile kama anavyokagua kitambaa kabla ya kukikata. Alikaa mbele ya tangi dogo bila kutingishika mpaka wote watulie na mistari yao ijitokeze, kisha akawainua kwa wavu mdogo, mmoja mmoja, akimtazama kila mmoja kasoro zake. Huyu mstari wake wa tatu umekatika katikati. Huyu miwili imeungana kwa juu. Huyu wake una kona, umepinda kama uliochorwa na mkono uliotingishwa. Jicho lake haliwezi kupita kasoro bila kuikumbuka; anaweza kukutana na shati barabarani na kujua nani alilishona, na siku ile alikuwa amegombana na nani. Alipomaliza, hakuwa amebakisha hata mmoja. Walio wao akawaingiza upande wa kushoto. Waliobaki akawafunika kwenye ndoo, na Mapezi akaja akawachukua. Alifunua, akachungulia, akaona vitu vyeupevyeupe vilivyofifia kwa hofu, akashukuru, akaenda zake.

Asubuhi yake Mama Pindo alipofungua pazia, dume mzee wa Wapole alikuwa amejibana kwenye kona ya juu, nyuma ya chujio. Marinda ya mkia yalikuwa yamechanika. Wageni wadogo walikuwa wakizunguka mapango yake kana kwamba ni wao waliojenga.

Alimweleza mumewe yote, hakuficha. Fundi Vioo akasema Wapole hawana tabia hiyo, hata wakiwa wadogo.

"Sikukosea hata mmoja," Mama Pindo akasema.

"Hukukosea wewe. Nimekosea mimi, kutaka mambo ya macho yaingie kwa masikio."

Akaomba apewe simu. Akamwambia Mapezi aje kesho na gari.

Maneno hayo yalimkata Mama Pindo maini. Angegombezwa angejua la kujibu, ulimi anao na kila mtu anaujua. Lakini mumewe hakumgombeza. Alimwachilia tu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Alilia kidogo, akakasirika kwa kulia, akaenda kwenye kona yake kufanya kazi.

Juu ya meza kulikuwa na shati la karani wa posta. Bwana huyo ni mfupi na ametanuka kidogo, na alikuwa ameomba kwa sauti ya chini kitambaa cha mistari ya kusimama, kwa sababu alisikia humrefusha mtu. Mama Pindo alilitandaza shati mezani alipige pasi. Kola upande wa kushoto, pindo upande wa kulia. Akaipitisha pasi kwa kufuata mistari, kutoka kola kwenda kwenye pindo, kushoto kwenda kulia, kushoto kwenda kulia. Mkono ukasimama.

Alitazama shati. Akatazama tangini, ambako mgeni mmoja mdogo alikuwa akipita kwa maringo, mstari mweusi umenyooka kutoka puani hadi mkiani. Akalitazama shati tena. Kisha akaiinua pasi haraka, maana shati la watu lilikuwa linataka kuungua.

"Baba," akaita. "Shati la mistari ya kusimama, mistari inaanzia wapi?"

Mumewe alishangaa kuulizwa mambo ya mashati wakati ule. "Shingoni. Inashuka chini."

"Na shati hilo nikililaza mezani, mistari imekuwa ya nini?"

"Ya kusimama. Shati ni lilelile."

"Na samaki shingo yake iko wapi?"

Mkono wa Fundi Vioo ukainuka, akauweka mbele yake kama anayegusa samaki hewani, akaupitisha kutoka kichwani hadi mkiani, kisha akaukata kutoka juu kwenda chini. Maisha yake yote aliyapitisha na vioo, na kwa mtu wa vioo kinachosimama ni kile kinachotoka dari kwenda sakafuni. Mkewe maisha yake aliyapitisha na watu, na kwa mtu wa nguo kinachosimama ni kile kinachotoka shingoni kwenda miguuni, mtu awe amelala, ameketi, au nguo iwe imetundikwa kwenye kiango. Alikuwa amewavalisha samaki wake kama binadamu na kuwatenga bila kosa hata moja, ila kinyume.

Fundi Vioo alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka akalazimika kuushika ukingo wa tangi, na Mama Pindo naye akacheka kwa kuwa hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu siku ya kliniki. Kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Wale wa Mapezi," akasema. "Wale ndio wetu."

Mama Pindo hakuwahi kutia mguu kwenye duka la Mapezi. Kwake lilikuwa nyumba ya mshindani. Siku hiyo alichukua ndoo, akatoka na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, na ukimwona anavyotembea ungedhani kuna mtu amemnyang'anya kitambaa.

Mapezi alimpokea kwa heshima, akamkaribisha kiti. Aliposikia kisa akajishika kichwa. Wale watoto alikuwa amewamwaga jana kwenye tangi la wadogo, pamoja na wadogo wengine wa aina nyingi, na wenye mistari inayotoka juu kwenda chini humo walikuwa tele. Alisema kwa masikitiko kwamba wakiwa katika umri huo hata yeye hawezi kuapa kwamba huyu ni wa huku na huyu ni wa kule. Alikuwa tayari kumpa ndoo nzima achague nyumbani. Lakini akichukua hata mmoja asiye wa ukoo, ukoo umekwisha, na hilo wote wawili walilijua.

Mama Pindo aliomba taa ya dukani izimwe na mlango ufunguliwe, mwanga uingie kwa upande. Akavuta kiti mpaka goti likagusa kioo. Samaki walitawanyika, wote wakafifia, hakuna mstari hata mmoja. Akakaa.

Mwanamke huyu hawezi kungoja maji yachemke bila kupiga kelele kwenye sufuria. Wateja wake wanamjua, ukichelewa kuja kupimwa utasikia ya kukuchoma. Lakini mbele ya tangi lile alikaa kimya, mikono imekunjwa, mpaka Mapezi akaanza kutembea kwa vidole dukani mwake mwenyewe. Wateja wakaingia, wakaambiwa kwa ishara wasubiri. Taratibu, mmoja baada ya mwingine, samaki wakasahau kwamba yupo. Mistari ikaanza kurudi, kwanza kama chaki iliyofutwa, kisha nyeusi.

Alinyoosha kidole bila kugusa kioo. Yule, mstari wa tatu umekatika. Mapezi akateremsha wavu. Yule mwenye miwili iliyoungana kwa juu. Hapana, si huyo, huyo yake imeungana chini, mwache. Yule mwenye kona. Mapezi mwanzoni aliuliza kama ana hakika. Baadaye hakuuliza tena, alifuata kidole tu. Ilipofika zamu ya wa mwisho, ambaye alikuwa amejificha chini ya jiwe na hakuna aliyejua kama yupo, Mama Pindo alikataa kuinuka. Alisema yupo mmoja amebaki, mwenye mstari mwembamba kuliko wenzake karibu na mkia, mstari uliokaa kama mshono wa kurekebishia. Wakangoja. Akatoka.

Mapezi aliifunika ndoo mwenyewe, akaibeba mpaka mlangoni. Akauliza kama bado anatakiwa aje kesho na gari.

"Njoo," Mama Pindo akasema. "Uje uwachukue Wakorofi wako. Wamenichania mtu marinda."

Nyumbani walifanya kazi hiyo wawili. Yeye aliwaondoa wageni wasiotakiwa, mumewe akishika ndoo. Wale wadogo halisi walipoteremshwa upande wa kushoto, dume mzee alitoka nyuma ya chujio, mkia umechanika, akawazunguka, akarudi pangoni kwake. Hakumgusa yeyote. Mama Pindo alieleza kila alichokiona, na safari hii mstari wowote alioutaja alisema kwanza kama anaupima kwa mtu au kwa samaki. Mumewe akasema ndiyo, ndio wao, ndivyo walivyokuwa wazazi wao siku waliyoletwa. Hakutaja tena habari ya kutoa tangi, na mkewe hakuuliza.

Alipomaliza kufuta maji sakafuni, Mama Pindo aliona mumewe amelipa tangi kisogo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, uso ameuelekeza mlangoni, ametulia kabisa. Akamuuliza kama anamngoja mgeni.

"Nakutazama wewe," Fundi Vioo akasema. "Ila nguo siioni vizuri. Nieleze. Kama unavyowaeleza wao."

Mama Pindo aliangalia chini alichokuwa amevaa. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akaweka kitambaa cha kufutia kando, akajipapasa kola palipokuwa na sindano yake.

"Ni gauni," akasema. "La kijani. Nililishona mwaka jana, nikapita nalo hapa mbele yako."

"Lina mistari?"

"Linayo."

"Inalala au inasimama?"

"Inasimama. Kwa mtu."

Mumewe akaitikia kwa kichwa taratibu, bado akiutazama mlango, akauliza kama lina vifungo. Mama Pindo akasema vipo. Akaanzia hapo, kwenye kifungo cha kwanza chini ya kola, akaendelea kumweleza polepole mpaka akafika kwenye pindo.